Mwiba wa Kujichoma

Malalamiko yamejaa vijijini na mitaani mwetu. Zahanati haina dawa, daraja limechukuliwa na maji, diwani haonekani, mbunge amehamia mjini. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya haki, na mnyonge asinyimwe nafasi ya kuyatoa. Lakini liko swali moja ambalo tunalikwepa: ni nani aliyempa mtu huyo kiti, na alimpa kwa bei gani?

Ukiuliza hivyo, majibu ni yaleyale. “Njaa ilinituma.” “Shetani alinipitia.” “Wenzangu wote walipokea.” “Ndivyo Mungu alivyopanga.” Tazama vema maneno hayo. Njaa imo, shetani yumo, wenzangu wamo, hata Mungu ametiwa hatiani. Asiyekuwamo ni mmoja tu, yaani mimi. Ugonjwa huu ni wa kale. Katika bustani ya Edeni mwanamume alimsingizia mkewe, na mwanamke akamsingizia nyoka. Wote wawili walikuwa wamekula, na kila mmoja alikula kwa kinywa chake mwenyewe.

Tusisahau tulikotoka. Mwaka 2000 Bunge letu la Tanzania liliibadili Sheria ya Uchaguzi ya 1985, ili ukarimu wa kawaida au wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura usihesabiwe kuwa rushwa. Jambo hilo likaitwa takrima. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ambayo humtia hatiani anayepokea sawasawa na anayetoa. Takrima imefutwa katika sheria. Je, imefutwa katika mioyo yetu?

Ati ni mila! Mila ya nani? Katika mila zetu mwenyeji ndiye amkirimuye mgeni, wala hamdai kitu. Leo mgombea anakuja nyumbani kwako akiwa mgeni, naye ndiye anayekulisha pilau, anayekuvika kofia na kanga, anayekutia noti mkononi. Kisha anataka malipo. Huo si ukarimu hata kidogo. Ni biashara, na bidhaa inayouzwa ni wewe.

Tufanye hesabu basi. Tuseme umepokea shilingi 10,000. Kipindi cha uongozi ni miaka 5, yaani siku 1,826. Gawanya. Umejiuza kwa shilingi tano na senti kadhaa kwa siku, fedha isiyotosha kununua hata kiberiti. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, nasi tumezoea kumcheka. Yeye angalau alikula akashiba siku hiyo, na aliyoiuza ilikuwa haki yake peke yake. Wewe umeuza pamoja na dawa ya mtoto wa jirani yako.

Wapo watakaosema: “Padre, wewe hujui njaa.” Naam, njaa ni jambo zito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe inakiri kwamba hofu, ujinga na shuruti huweza kupunguza lawama ya mtu, hata kuiondoa. Mama aliyepokea kilo ya unga ili watoto walale wameshiba, hatia yake si sawa na ya tajiri aliyeununua udhaifu wake. Ole wake tajiri huyo! Lakini kupungua kwa lawama si kufutika kwa utu. Anayekuambia kwamba maskini hawezi kuchagua hakutetei; anakuhesabu pamoja na mifugo. Tena jiulize: anayefaidika na njaa yako wakati wa uchaguzi ana haraka gani ya kuiondoa baada ya uchaguzi?

Wengine hujiona werevu: “Nitakula cha huyu, nitampigia yule.” Huo si werevu. Umeahidi uongo kwa malipo, ukawafundisha watoto wako kwamba neno la mtu lina bei. Na mwenye fedha hapati hasara. Akishinda, atazirudisha kutoka mfuko wa umma ambao ni wako.

Na wengine husema: “Mfumo mzima umeoza, kura yangu moja itafaa nini?” Anayechezea hesabu ya kura atatoa jibu lake mbele ya Mungu na mbele ya historia, nasi tusichoke kumdai jibu hilo. Lakini dhambi yake haiwi kibali cha dhambi yangu. Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1984 kwamba dhambi zinazoitwa za kijamii ni tunda la kulimbikana kwa dhambi nyingi za watu binafsi. Mfumo hauna mkono wa kupokea bahasha; wenye mikono ni watu.

Tunayo mithali ya kujifariji: mkono mtupu haulambwi. Tuikumbuke na nyingine: kikulacho ki nguoni mwako.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1965 kwamba dhamiri ni patakatifu pa mtu, mahali anapokuwa peke yake na Mungu. Kituturi cha kupigia kura kinafanana na mahali hapo. Mgombea hayumo, mume hayumo, mzee wa ukoo hayumo, hata padre hayumo. Umo wewe, kalamu, na Mungu anayeona. Humo huwezi kusema “walinifanya.”

Wala wajibu hauishi siku ya kura. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Humo yatupasa kudai hesabu ya mapato na matumizi. Wangapi kati yetu huhudhuria? Wangapi huuliza? Asiyefika mkutanoni naye amechagua: amechagua kuamuliwa.

Kwa hiyo, ndugu, bahasha ikiletwa, irudishe mbele ya mashahidi. Mgombea akija, muulize atafanya nini, kwa fedha ipi, na lini atarudi kutoa hesabu. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kanisa halimnyimi mtu pole. Lakini pole haijapata kuchomoa mwiba. Sharti mwenye mguu ainame, autazame, auchomoe.