"Fauka ya hayo" si pambo la insha

Nimemaliza kusoma rundo la insha za wanafunzi wa sekondari kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe, na lililonishughulisha si tahajia wala ngeli, bali ni viunganishi. Yaonekana wote wamekaririshwa orodha moja: aidha, isitoshe, fauka ya hayo, licha ya hayo. Kila aya hufunguliwa kwa mojawapo, lifae lisifae. Mmoja ameandika: "Tulifika kivukoni mapema. Fauka ya hayo, feri ilikuwa imekwisha kuondoka." Fauka, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni juu ya, huongeza jambo juu ya jambo. Hapo palitakiwa neno la kupinga: lakini, au hata hivyo.

Atokaye kisiwani huvuka Daraja la Nyali kwenda Kisauni, hupita Makupa kwenda Changamwe, na hupanda feri kwenda Likoni. Hapana asimamaye Makupa akangojea feri.

"Bali" nalo hutaka ukanushi uitangulie sentensi: hakwenda Kisauni bali Changamwe. "Alikuwa mgonjwa bali alikwenda shule" si Kiswahili. Na "aidha", lenye maana ya pia, limegeuzwa mtumishi wa Kiingereza: "aidha apande feri au arudi", ati kwa kuwa sauti yake yakaribiana na neno la Kiingereza lenye maana ya "ama". Tusiwasingizie watoto, kosa hili hulisikia kwa wakubwa wao.

Wako walimu watakaoniambia kwamba orodha huleta alama katika KCSE. Hapo ndipo tunapotofautiana. Halliday na Hasan, katika kitabu chao cha mwaka 1976 kuhusu Kiingereza, walionyesha kwamba kiunganishi ni njia moja tu kati ya tano za kushikamanisha matini. Kiswahili chaongeza yake, nayo ni kitenzi chenyewe. "Tulifika kivukoni, tukakuta feri imeondoka, tukangoja." Hapana kiunganishi hata kimoja, wala hapana msomaji atakayepotea. Kazi yote imefanywa na -ka-. -Ki- na -po- nazo zina zamu zao.

Mtoto wa Mtongwe au Jomvu ayajua haya kabla hajaingia darasani. Akisimulia nyumbani hutumia basi, hata, mara, ndipo, kila moja mahali pake. Kisha twamkabidhi orodha, naye anaandika "na kisha baadaye tukangoja". Mwenzake aliyekuja na wazazi kutoka bara, aliyekiokota Kiswahili mtaani, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuisikia -ka- ikisimulia. Naye pia twampa orodha ile ile!

Ningependa walimu wajaribu jambo moja muhula huu. Wampe mwanafunzi aya iliyoondolewa viunganishi, kisha wamwulize: sentensi ya pili yaifanyia nini ya kwanza? Yaiongeza, yaipinga, yaitolea sababu, au yaifuata tu kwa wakati? Akishajibu kwa maneno yake mwenyewe, ndipo achague neno. Na jibu likiwa "yaifuata tu", asichague lolote, -ka- yamtosha.