Jina la Nchi katika Daftari la Dunia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi dukani na ghalani, lakini siku hizi inalihusu pia jambo ambalo wananchi wengi hulitumia kila siku bila kulifikiri: majina ya vikoa katika intaneti. Kila nchi imepewa humo herufi mbili za kuitambulisha, na herufi hizo ni mali ya umma kama zilivyo bandari na barabara.

Kompyuta zilizounganishwa katika intaneti hutambuana kwa namba. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kwa urahisi kuliko namba, ilibidi pawepo daftari la kuoanisha majina na namba hizo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 daftari lilikuwa moja tu, likitunzwa katika taasisi ya utafiti huko Menlo Park, California, na kila kituo kilinakili kutoka hapo. Kompyuta zilipozidi, utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris alibuni njia nyingine: daftari ligawanywe, na kila mtunzaji ajue sehemu yake pamoja na mahali alipo mtunzaji wa sehemu inayofuata.

Mfano utafafanua. Jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika intaneti ni udsm.ac.tz. Mtambo hulisoma kuanzia kulia, kama karani wa posta anayetazama kwanza nchi, kisha mji, kisha namba ya sanduku. Huuliza kwanza katika daftari la juu kabisa, liitwalo mzizi: nani anatunza tz? Akishatajwa, naye huulizwa habari za ac na za udsm, hata namba ipatikane. Yote hayo kwa kawaida humalizika kabla ya mtu kupepesa jicho mara mbili. Mzizi huo huhudumiwa na seva zinazojulikana kwa herufi 13, A hadi M, chini ya taasisi 12, na nakala zake zaidi ya 1,500 zimetawanywa duniani. Nchi ikifutwa katika mzizi, majina yote yanayoishia kwa herufi zake hayatapatikana tena.

Ni nani basi mwenye kalamu ya kuandika na kufuta? Herufi za nchi hutokana na orodha ya kimataifa iitwayo ISO 3166. Jon Postel, aliyelitunza daftari hilo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1994 kwamba msimamizi wa herufi za nchi ni mdhamini kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na ya watumiaji wote duniani. Lililo muhimu ni wajibu na huduma, wala si umiliki. Tangu mwaka 1998 kazi hiyo imo mikononi mwa shirika la ICANN lililoundwa California, na mkataba ulioipa serikali ya Marekani usimamizi juu yake ulikwisha mwaka 2016.

Uthabiti wa daftari hilo ulipimwa mwaka 2022, Ukraine ilipoomba herufi ru za Urusi ziondolewe. ICANN ilikataa. Wapo walioona uchungu, na uchungu wao unaeleweka. Hata hivyo, daftari linalofuta jina la nchi moja kwa ombi la hasimu wake leo laweza kufuta la nchi nyingine kesho, na nchi changa ndizo zingekuwa za kwanza kuumia.

Lakini herufi za nchi huweza kupotea thamani hata bila kufutwa na mgeni. Mali iliacha herufi zake ml zigawiwe bure kwa mtu yeyote duniani chini ya kampuni ya Uholanzi. Matapeli wakazitumia kwa wingi, hata usimamizi uliporudi nyumbani mwaka 2023. Tuvalu, nchi ya visiwa yenye watu wapatao 11,000, ilikodisha herufi zake tv kwa malipo, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia kulipia gharama za kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Zote mbili zilikuwa na herufi mbili tu. Tofauti ilikuwa katika mapatano.

Wapo wanaodai kwamba jina linaloishia kwa com latosha. Wasisahau kwamba com husimamiwa na kampuni ya Marekani, chini ya sheria na mahakama za huko, na kwamba sehemu ya ada yake huvuka mpaka kila mwaka. Jina la nyumbani hutoa nafasi ya kusuluhisha migogoro nyumbani, na huwapa vijana wa nchi kazi ya kujifunza kutunza mitambo wenyewe.

Hata hivyo, uzalendo pekee haujazi daftari. Mfanyabiashara hatalitaka jina la nchi yake ikiwa ada ni kubwa, ikiwa seva huzimika, au ikiwa maombi hulala mezani kwa majuma. Tanzania iliandikwa katika mzizi mwaka 1995, na Kenya miaka miwili kabla yake. Nafasi hiyo haikuhitaji vita wala mkopo. Kinachohitajika ni watunzaji waaminifu, hesabu zilizo wazi kwa umma, na wataalamu wanaolipwa vya kutosha kubaki kazini. Hapana budi kila serikali iulizwe na wananchi wake: daftari letu liko kwa nani, na linatunzwaje?