Nani yumo kwenye orodha? Vita dhidi ya umaskini Rwanda na nafasi ya mkimbizi

Kama unaishi Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme au Mugombwa, unajua kwamba fedha ya chakula haitoshi kama zamani. Na kama wewe ni mwenyeji wa Kirehe, Karongi au Gisagara, huenda umewahi kujiuliza kwa nini jirani wa kambini anapata msaada wakati wewe, uliye maskini kama yeye, hupati. Manung'uniko haya mawili yana mzizi mmoja: nani ameandikwa kwenye orodha ipi. Makala hii inaeleza jinsi Rwanda inavyopambana na umaskini, mkimbizi ameingia wapi katika mapambano hayo, na wapi bado amebaki mlangoni.

Nchi ndogo, watu wengi

Rwanda ina ukubwa wa kilomita za mraba 26,338. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, yaani zaidi ya watu 500 katika kila kilomita ya mraba. Nchi hiyohiyo inahifadhi wakimbizi zaidi ya 130,000, wengi wao Wakongo na Warundi. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996, na Mahama ikafunguliwa 2015. Mtoto aliyezaliwa Kiziba mwaka ilipofunguliwa leo ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Uganda huwapa wakimbizi wa makazi kama Nakivale kipande cha ardhi wajengee na kulima. Rwanda haiwezi kufanya hivyo kwa kiwango kama kile, kwa sababu hata wenyeji wengi wanalima chini ya hekta moja. Mkimbizi hapa hawezi kutegemea shamba la kupewa. Anachoweza kutegemea ni kazi, biashara, shule, bima na ushirika. Ndiyo maana suala la orodha lina uzito mkubwa katika nchi hii kuliko kwingine.

Rwanda inavyowafikia maskini wake

Njia ya Rwanda imekuwa kumtambua maskini kaya kwa kaya, halafu kumfungulia huduma. Kupitia Ubudehe, wanakijiji wenyewe walikaa mkutanoni na kupanga kila kaya katika daraja lake. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, huipa familia maskini ng'ombe mmoja, nayo familia humpa jirani ndama jike wa kwanza. VUP, ulioanza 2008, hutoa kazi za umma kwa wenye nguvu na posho kwa wasioweza kufanya kazi, kama wazee wasio na wa kuwatunza. Na bima ya afya ya jamii, mutuelle, ilifanya mtu alipe faranga 3,000 kwa mwaka, huku wa daraja la chini kabisa wakilipiwa na serikali.

Matokeo yanaonekana. Takwimu za taifa zilionyesha maskini kuwa asilimia 58.9 ya watu mwaka 2000/01, na asilimia 27.4 katika utafiti wa 2023/24. Usizisome namba hizi kama ngazi moja iliyonyooka: njia ya kupima imebadilishwa zaidi ya mara moja, na wachumi wamebishana juu yake. Hata hivyo, anayeugua kijijini leo akiwa na mutuelle hauzi mbuzi wake wa mwisho ili atibiwe. Hilo ni badiliko ambalo familia inaliona yenyewe.

Orodha nayo ina hatari zake

Ubudehe ulileta tatizo ambalo wakimbizi watalitambua mara moja. Daraja lilipofungwa pamoja na huduma, kama vile ada ya bima na mkopo wa chuo kikuu, watu walianza kupigania kushushwa daraja. Aliyepiga hatua kidogo aliogopa kuonekana amepiga hatua. Aliyewekwa juu kimakosa alikosa huduma kwa mtoto wake. Serikali ikaamua kutenganisha madaraja na huduma, kisha ikahamia kwenye daftari jipya la kijamii liitwalo Imibereho, linalotazama hali halisi ya kaya.

Sasa tazama kambini. Mwezi Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Kuanzia Mei mwaka huohuo, kaya ziligawanywa kulingana na uhitaji: zenye uhitaji mkubwa zilipata mgao kamili, za kati zilipata nusu, na zilizohesabiwa kujiweza hazikupata. Fedha ikiwa kidogo, ni haki kuanza na aliye hatarini zaidi. Lakini hofu ni ileile ya kijijini. Mama mwenye genge la nyanya anajiuliza: nikiongeza meza ya pili, je, nitafutwa? Msaada unaomfanya mtu afiche jitihada zake unamrudisha nyuma, hata kama ulitolewa kwa nia njema.

Mkimbizi ameingia wapi?

Milango kadhaa imefunguliwa. Sheria ya wakimbizi ipo, na mkimbizi nchini Rwanda ana haki ya kufanya kazi na kufungua biashara. Mwaka 2018 Rwanda ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika huduma za taifa. Mwaka 2019 wakimbizi wa mijini walianza kuandikishwa katika mutuelle, ada yao ikilipwa na UNHCR. Watoto wa kambini wanasoma katika shule za serikali pamoja na watoto wa wenyeji. Paysannat L, kando ya Mahama, ni mfano unaojulikana sana.

Wenyeji nao wamefaidika. Mradi wa Jya Mbere, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2019, ulilenga wilaya zenye kambi, ukijenga shule, vituo vya afya na barabara kwa wote. Katika bonde la Misizi, wilaya ya Gisagara, wakimbizi wa Mugombwa na majirani zao wanalima pamoja hekta zipatazo 55. Mahindi ya Misizi hayaulizi mkulima ametoka upande gani wa mpaka.

Bado yuko nje wapi?

Mipango kama VUP na Girinka ni ya raia. Chakula cha aliye kambini bado kinategemea wafadhili wa mbali, na wafadhili hao wakikohoa, kambi inaugua. Haki ya kufanya kazi ipo, lakini waajiri wengi hawakijui kitambulisho cha mkimbizi, na kambi nyingine ziko mbali na miji yenye ajira.

Hapa ndipo penye jambo zito. Kuwaingiza wakimbizi katika mifumo ya taifa ni mwelekeo sahihi. Lakini lazima mpangilio uwe sawa: orodha mpya ifunguliwe kwanza, ndipo ya zamani ifungwe. Msaada ukikatwa kabla mkimbizi hajaingia kwenye bima, kazi au ushirika, ataanguka katikati. Na nchi ndogo ikiachiwa gharama yote, mwenyeji maskini ndiye atakayebanwa, halafu ujirani mwema uliojengwa kwa miaka uvunjike.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kama wewe ni mkimbizi, hakikisha taarifa za familia yako ni sahihi: aliyezaliwa, aliyefariki, aliyeolewa, mwenye ulemavu. Kijana aliyefikisha miaka 16 afuatilie kitambulisho chake, kwa sababu bila hicho ni vigumu kupata kazi, akaunti ya benki au laini ya simu. Ukiona kaya yako imewekwa katika kundi lisilo lake, uliza utaratibu wa rufaa na ueleze hali yako kwa ukweli. Huhitaji kumlipa mtu yeyote ili usikilizwe.

Kama wewe ni mwenyeji, usikose mkutano wa kijiji taarifa za kaya zinapohakikiwa, na msemee jirani asiyeweza kujisemea: mjane, mzee anayeishi peke yake, mtoto anayelea wadogo zake. Mkiunda kikundi cha kuweka na kukopa, wakaribisheni majirani wa kambini. Wenyeji wanajua soko na viongozi, wakimbizi wengi wana ufundi na lugha za biashara.

Na sisi tunaofanya kazi katika mashirika tuna deni kwenu: kueleza kila badiliko mapema, kwa lugha mnayoielewa, kabla halijafika mezani kwenu. Fedha inaweza kupungua bila sisi kutaka. Maelezo hatuna sababu ya kuyapunguza.