Dereva Aliyekataa Kuruka

Ni mara ngapi umesafiri kwa garimoshi na usijue hata jina la mtu aliyeliendesha? Karani wa tikiti tunamwona, na mwuza chai tunampungia mkono dirishani. Lakini dereva huko mbele hatumjui. Jina lake hutajwa siku ya ajali, na mara nyingi hutajwa kwa kulaumiwa.

Jumapili ya leo ningependa tumkumbuke mmoja wao. Huyu ni John Axon wa mji wa Stockport, karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa Desemba 4, 1900, na kituo chake cha kazi kilikuwa karakana ya injini ya Edgeley, mjini humo humo. Hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa mtu wa mshahara, mwenye mke na nyumba ya kutunza, ambaye siku za mapumziko alipenda kucheza dansi na kutembea kwa miguu milimani.

Tusidhani kazi yake ilikuwa ya kukaa tu na kuvuta mkono wa chuma. Katika reli za Uingereza siku hizo, kijana alianza kwa kusugua masizi kwenye injini. Baadaye alipewa sepetu akawa mtia makaa, na miaka mingi ilipita kabla hajakabidhiwa injini mwenyewe. Kwa hivyo dereva wa umri wa Axon aliijua injini yake kama mama amjuavyo mwanawe.

Asubuhi ya Jumamosi, Februari 9, 1957, Axon na mtia makaa wake waliondoka Buxton na garimoshi la mizigo la mabehewa 33, wakielekea Warrington. Injini nyingine iliwasukuma kwa nyuma, maana njia hiyo hupanda mlima kwanza kisha huteremka kwa ghafla. Kabla ya kuondoka, kiungo cha bomba la mvuke wa breki kilikuwa kimeonekana kikivuja, na fundi alikuwa amekirekebisha.

Kumbe ukarabati huo haukutosha. Walipokaribia kilele, bomba lilikatika. Mvuke wa moto ulijaa ndani ya kibanda cha dereva na kuwaunguza, hata wakashindwa kuzifikia vyema zana za kuendeshea. Isitoshe, mvuke huo ndio uliokuwa ukiendesha breki ya injini. Bomba limekatika, breki nayo imekwenda.

Hapa inafaa tuelewe jambo moja. Mengi ya mabehewa ya mizigo ya Uingereza zama hizo hayakuwa na breki za kuongozwa na dereva. Kila behewa lilikuwa na mkono wake wa breki ubavuni, wa kukandamizwa na mtu aliyesimama chini. Axon alimwambia mwenzake aruke akajaribu kuzifunga breki hizo moja moja. Kijana akaruka, akakimbia kando ya reli na kujitahidi, lakini garimoshi lilikuwa limekwisha kushika kasi ya kumshinda.

Axon mwenyewe angaliweza kuruka wakati huo huo. Mwendo ulikuwa bado mdogo, na hakuna ambaye angalimlaumu. Badala yake alibaki aking'ang'ania nje ya kibanda kwa sababu ya mvuke, huku garimoshi likiteremka kwa kishindo. Alipopita Dove Holes, alimpungia mkono mfanyakazi wa kibanda cha ishara kumjulisha kwamba garimoshi limemponyoka. Habari zikatangulia hadi Chapel-en-le-Frith, na abiria waliokuwa ndani ya treni pale stesheni wakashushwa upesi.

Njiani mbele kulikuwa na garimoshi jingine la mizigo. Axon aliligonga kwa nyuma akafa papo hapo, pamoja na gadi wa garimoshi hilo lililogongwa. Hakuna abiria hata mmoja aliyepoteza maisha. Axon alikuwa na umri wa miaka 56.

Mwaka huo huo alitunukiwa Msalaba wa George, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wanayopewa raia nchini Uingereza. Mnamo Julai 1958, redio ya BBC ilitangaza kipindi cha nyimbo na masimulizi juu ya maisha yake, kilichotungwa na Ewan MacColl, Charles Parker na Peggy Seeger. La ajabu wakati huo ni kwamba badala ya waigizaji, wasikilizaji walisikia sauti za wafanyakazi wa reli wenyewe, kwa lafudhi yao ya nyumbani. Na mwaka 1981 injini moja ya reli ilipewa jina lake.

Waama, heshima hizo zote ni njema. Hata hivyo, moyo wangu hurudi kwenye kile kiungo cha bomba. Ni kitu kidogo ambacho mtu angeweza kukishika mkononi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi anayeujenga ukuta huo kwa damu yake ni mfanyakazi ambaye hakuuanzisha ufa. Ushujaa wa Axon usitufanye tusahau kwamba kama kiungo hicho kingalishika, angalirudi jioni kwa mkewe, nasi tusingalijua jina lake kabisa. Hayo ndiyo maisha aliyostahili.

Basi wewe mwanafunzi ambaye babako hutoka alfajiri na nguo zenye mafuta, usione haya kusema kazi yake mbele ya wenzako. Huenda wako watu waliofika salama leo kwa sababu yake, na hawamjui.