Moshi wa Tabora Si Kudra, Ni Mazoea



Kuna maneno tunayasikia kila tukienda Tabora kuwaona jamaa wakati wa kiangazi, na leo tumechoka nayo: "Ni msimu tu, mvua ikinyesha yatapita." Asubuhi mji umefunikwa na utando wa kijivu, macho yanawasha, watoto wamekohoa usiku kucha, na mtu mzima anakwambia ni msimu. Sisi tunasema hapana. Jua na mvua ni vya Mwenyezi Mungu. Moshi ni wetu.

Tuanze na ya Mola. Tabora iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mbali na pwani. Mvua zake ni Novemba hadi Aprili, na kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kukavu. Sisi wa visiwani tumezoea kusi na kaskazi zitufagilie uwanja. Kule upepo wa bahari haufiki. Alfajiri za Juni na Julai hewa ya baridi hulala chini, ya joto ikakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Kila kinachofuka hubaki puani mwa watu mpaka jua lipande.

Sasa yaliyo yetu. Msitu wa miombo haujiwashi wenyewe mwezi wa Agosti. Kuna anayesafisha shamba kwa kiberiti, anayetaka majani mabichi ya mifugo, na mrina asali aliyeuacha mwenge wake ukiwaka. Kisha ipo tumbaku: Urambo, Kaliua na Sikonge jani hukaushwa kwenye mabani kwa kuni, siku kadhaa mchana na usiku. Na mwaka mzima yapo mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mbele yake ameinama mwanamke.

Bibi yetu mmoja kule hakuwahi kugusa sigara maishani mwake, lakini kifua chake kilikuwa cha mvutaji. Miaka yote tulimwambia ni baridi. Tulimpaka mafuta, tukamchemshia tangawizi, tena juu ya moto ule ule wa kuni! Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Hiyo nayo tuiite baridi?

Wengine watasema Tabora yatuhusu nini. Yatuhusu sana. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ilitajirisha Unguja, na miembe yake ingali imesimama. Pembe ilibebwa kwa bega la Mnyamwezi, faida ikashuka pwani. Leo tumbaku inasafirishwa mbali, na kinachobaki kule ni visiki na kikohozi. Aliyekula matunda ya njia ile asijifanye mgeni wa machungu yake.

Wapo pia wanaosema chakula cha gesi hakina ladha. Jamani! Mapafu ya mama yako ndiyo kiungo cha pilau? Lakini anayesema gesi ni ghali, huyo tunamsikiliza, maana anasema kweli. Serikali imetangaza mkakati wa mwaka 2024 wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila mtungi usioweza kujazwa tena ni pambo la jikoni. Bei ya kujaza ndiyo ishuke.

Na dini yetu? Mtume wetu (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu asikaribie msikiti asije akawaudhi wenzake kwa harufu. Ikiwa harufu ya kitunguu ina hukumu yake, moshi unaomkosesha jirani pumzi tutausemea nini mbele ya Mola? Tumefunzwa kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Basi njia hii ya hewa, inayopita kwenye kifua cha kila mtu, nayo ina haki yake.

Kwa hiyo tusingoje. Upatu wetu mmoja mwaka huu uwe wa majiko, tuwapelekee shangazi zetu. Asiyeweza gesi, kuni zikaushwe vizuri na jiko litolewe nje au chumba kitobolewe dirisha. Wanaume wanaojenga nyumba wajenge na jiko lenye pa kutokea moshi. Wanunuzi wa tumbaku wagharimie mabani yanayokula kuni kidogo, wasimwachie mkulima mzigo wote. Na khutba ya Ijumaa ya kiangazi imtaje mchoma msitu kama inavyomtaja mwizi.

Mvua ya Novemba itausafisha utando huo, inshaallah. Lakini mvua haiingii ndani ya kifua cha mtu kukifua. Mwenyezi Mungu awaponye mama zetu, na sisi atuamshe. Amin.