Mashine Mpya, Michezo ya Zamani

Wahenga walituachia usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapana shaka usemi huo umewafaa watu katika mambo mengi ya kijiji, lakini katika biashara ya michezo ya video umewatia wengi hasara. Kila kampuni kubwa inapokaribia kuuza mashine mpya, walimwengu hukesha wakibashiri ni mchezo gani utakaotoka pamoja nayo, upi utakaofuata na upi utakaoahirishwa. Vijana wetu nao hawakuachwa nyuma. Mwanafunzi wa Ndera, kando ya Mto Tana, husoma uvumi huo katika simu saa ile ile ausomayo mwenziwe wa Tokyo. Tofauti ni kwamba wa Tokyo anabashiri kitu atakachokikuta dukani wiki ijayo, na wa Ndera anabashiri kitu ambacho huenda kikamfikia baada ya miaka mingi, tena kikiwa kimeshapita mikononi mwa watu wawili au watatu.

Hebu tutazame yaliyokwisha kutendeka. Nintendo iliitangaza mashine yake ya Switch 2 mnamo Januari 2025 na kuanza kuiuza tarehe 5 Juni mwaka huo, kwa bei ya dola 450 huko Marekani. Kwa thamani ya shilingi yetu wakati huo, hizo ni takriban 58,000, kabla ya ushuru na nauli ya mzigo. Mchezo wake mkuu wa siku ya kwanza, Mario Kart World, uliuzwa dola 80, yaani zaidi ya shilingi 10,000. Mzazi anayetegemea maembe na mahindi ya kando ya mto hana haja ya kuelezwa uzito wa fedha hizo.

Mario alitoka kwa wakati wake, naam, lakini si kila mchezo huwa na bahati hiyo. Metroid Prime 4 ulitangazwa mwaka 2017, mashine ya Switch ya kwanza ikiwa bado changa, na ukatoka Desemba 2025, miezi sita baada ya mrithi wa mashine hiyo kuingia sokoni. Microsoft nayo iliufanya Halo Infinite kuwa mshika bendera wa Xbox Series X iliyotoka Novemba 2020. Agosti mwaka uo huo mchezo ukaahirishwa, na hatimaye ukaonekana mwishoni mwa 2021. Jeshi likaenda vitani bila jemadari.

Kwa nini wabashiri hukosea hivyo? Sababu kubwa ni hesabu nyepesi, na mwalimu wa Biashara anaweza kuifundisha kwa dakika tano. Siku ya kwanza mashine mpya haimo katika nyumba ya mtu yeyote, ilhali ile kuukuu imo katika mamilioni ya nyumba. Mwenye kutengeneza mchezo kwa gharama kubwa atauza wapi? Ndiyo maana Grand Theft Auto V ulitoka Septemba 2013 kwa mashine za zamani, miezi miwili tu kabla ya PlayStation 4 kuzinduliwa, na wenye PlayStation 4 wakangoja hadi Novemba 2014. Hata God of War Ragnarök, mchezo wa Sony wenyewe, ulitolewa mwaka 2022 kwa PlayStation 4 pia, miaka miwili baada ya kuja kwa PlayStation 5. Mashine zaidi ya milioni 100 zilizokwisha kuuzwa si kitu cha kutupwa.

Kwa hiyo anayetaka kubashiri kwa akili aulize kwanza: mtengenezaji wa mchezo anamilikiwa na nani? Nintendo humlazimisha Mario aje siku ya arusi kwa kuwa Mario ni wake. Kisha aulize kama imetajwa siku au umetajwa mwaka tu. Hata siku yenyewe si kiapo. Grand Theft Auto VI uliahidiwa kuwa wa 2025, ukasogezwa hadi 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikatangazwa kwamba utatoka 19 Novemba 2026. Tena kutoka si kutoka salama: Cyberpunk 2077 uliuzwa Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi hata Sony ikauondoa katika duka lake la mtandaoni baada ya wiki moja. Walioulipia kabla ya kuuona walikuwa wameuamini uvumi kuliko macho yao.

Hata hivyo, kwa mtazamo wa Garsen, naona swali lenyewe limewekwa mahali pasipo pake. Linalotuhusu zaidi ni michezo gani itakayokoma kuletwa kwa mashine tulizo nazo. Katika miji mingi ya Kenya vijana hulipia mechi moja moja katika vibanda, na wanachocheza hasa ni kandanda. Hapa historia inatupa faraja. PlayStation 2 ilizinduliwa mwaka 2000, na mchezo wa FIFA 14 ulitengenezewa mashine hiyo mwaka 2013. Jina la FIFA lilipoondolewa baada ya toleo la 2022, wapo waliovumisha kwamba mchezo umekufa. Mwaka uliofuata ukaja kwa jina la EA Sports FC, na toleo la Septemba 2025 bado lilitengenezewa PlayStation 4. Kandanda ndiyo huwa ya mwisho kuihama nyumba ya zamani, na mwenye kibanda anayeuza mbuzi ili akimbilie mashine mpya anajiharakisha bure.

Jambo linalopaswa kututia wasiwasi limepita bila kelele. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila kisomeo cha diski. Mwenye kutaka hukinunua kando. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina mchezo ndani yake, bali zina ufunguo tu wa kuupakua kwa intaneti. Michezo yetu imekuwa ikitufikia kwa mkono: diski hununuliwa Mombasa, huuzwa tena Malindi, kisha hupanda matatu hadi Garsen. Biashara hiyo ndogo ndiyo iliyompa kijana asiye na kitu nafasi ya kucheza alichocheza tajiri, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mchezo unaopakuliwa kwa akaunti ya mtu mmoja hauuziki tena, hauazimwi kwa jirani, na huenda ukahitaji kifurushi cha data chenye bei ya chakula cha siku kadhaa. Wabashiri wanaohesabu siku za uzinduzi hawajaligusa hilo, na sijui kama kampuni zenyewe zimewahi kulifikiria soko la namna hiyo.