Mtoto hajaulizwa ila "umepata ngapi?"

Ikifika zamu ya darasa la kumi hapa Oman, nyumba nyingi za kwetu hazilali. Mtoto anatakiwa achague masomo ya la kumi na moja na la kumi na mbili, na kubwa lao ni hesabu: zile za juu au zile za kawaida. Baba anasema, mama anasema, ami yuko Dubai naye kapiga simu anasema. Mwenyewe anayekwenda kusoma kakaa kimya. Akiulizwa anataka nini, anajibu "sijui". Na wallahi hasemi uongo. Tangu la kwanza hakuna aliyemuuliza kitu ila umepata ngapi.

Twalalamika kuwa watoto wetu hawabuni, wanakopi tu. Atabuni vipi mtu asiyejua nini kinamvuta, nini kinamchosha, na akikwama hufanya nini?

Wako wanaosema hayo ni ya wenye vipaji, wengine wafaulu tu inatosha. Hebu tazameni. Mwaka 1921 huko California, Lewis Terman alianza kuwakusanya watoto wenye akili nyingi kwa kuwapima kwa mtihani, akapata zaidi ya 1,500. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa, alama hazikufika. Shockley akaja kupata Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochukuliwa hakuna hata mmoja aliyeipata. Mtihani ulipima kitu, sikatai, lakini haukupima kila kitu.

Na tuna wetu. Siti binti Saad wa Fumba hakusoma skuli, aliuza vyungu akinadi njiani. Sauti ile ile ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Skuli zetu za leo zingempa sifuri.

Mwenye kipaji naye ana tabu yake, na mwalimu yeyote mkongwe ataijua. Waambie wanafunzi waandike insha, kichwa wachague wenyewe. Wa kwanza darasani ndiye atakayeinua mkono: "Mwalimu, unataka tuandike nini?" Kazoea kusifiwa, anaogopa kugusa asilolijua isije sifa ikavunjika. Yule wa nyuma, wa alama za katikati, keshaanza kuandika habari za paka wa jirani.

Wazazi wenzangu, mnunulieni mtoto daftari dogo. Kila Alkhamisi usiku aandike mistari michache: wiki hii nini kilinisahaulisha kula? Nini kilinishinda, na nilijaribu njia gani? Aandike kwa lugha aitakayo, Kiswahili cha bibi au Kiarabu cha skuli, au achanganye. Msimsahihishe, na tafadhalini msilipige picha mkalirusha kwenye WhatsApp ya ukoo.

Likifika la kumi, kaeni naye mlisome, kisha mwende nalo kwa mwalimu wa tawjih wa skuli yake. Ikiwa daftari limejaa mashine alizofungua na kuziunga tena, na hesabu anaziogopa, mwambieni wazi kuwa uhandisi unataka zile za juu. Atajikaza akijua anajikazia nini. Na akichagua za kawaida kwa kujua anakokwenda, msimwekee matanga.